Dada wa Mtu Mwingine

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila nikikusikia ukigombana na kompyuta yako. Jana ulinuna mpaka chai ikapoa, ukilalamika kwamba lugha unayoandikia programu inakusumbua, kila ukigusa kitu inakwambia aina hazilingani. Ukasema utafanya kila kitu kiwe namba tupu ili inyamaze. Nilicheka, lakini moyoni nilishtuka, maana mimi niliwahi kuinyamazisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami msichana wa Garissa niliyetoka chuo kikuu Nairobi na kichwa kimevimba. Nilipata kazi kambi ya wakimbizi ya Ifo, katika ofisi ndogo ya kutafuta jamaa waliopotezana vitani. Kompyuta ilikuwa moja, na jenereta ikizimika tulipiga soga. Humo nilijenga maktaba ya programu: vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake moja, ukikipa kitu kilekile kinakurudishia jibu lilelile, ili ofisi za kambi nyingine nazo zivichukue na kuviunganisha zipendavyo. Na rafiki yangu wa chuoni tulikuwa tukibishana kwa barua. Yeye alishikilia kila namba ipewe aina yake: namba ya kadi ya chakula iwe kitu kimoja, namba ya ombi la kutafuta mtu iwe kitu kingine, zisichanganyike hata ukitaka. Nikamjibu kwa kiburi kwamba namba ni namba. Nilikuwa nimechoka kukaguliwa na mashine, nikazifanya zote namba tupu, ikaacha kunikatalia.

Kulikuwa na Eedo Habiba. Hakuwa shangazi yangu wa damu, lakini kwetu mwanamke wa rika lile humwiti kwa jina tupu. Kila wiki alikuja kuuliza habari za mdogo wake, Sahra, aliyepotezana naye njiani wakikimbia. Hakuwa akikaa. Alisimama mlangoni, akauliza, akashukuru, akaenda zake. Asubuhi moja kompyuta ikatoa karatasi: ombi lake limepata mtu, yuko kambi nyingine, kadi namba fulani. Sikuangalia jina. Nilimkimbilia mwenyewe, tukakumbatiana, akalia mpaka mtandio wangu ukalowa.

Siku gari la kumleta kutoka kambi ile lilipofika, Eedo Habiba alikuja na maziwa ya ngamia na gauni jipya alilolikunja vizuri. Mwanamke akashuka. Wakatazamana.

"Huyu si Sahra," Eedo Habiba alisema polepole. "Huyu mimi sijui."

Na yule mgeni naye alikuwa ameambiwa dada yake amepatikana. Alisimama pale na kifurushi chake, anatuangalia mmoja mmoja. Mwanangu, aibu ile sijawahi kuivua.

Nilirudi kwenye kompyuta. Katika kipande kimoja nilikuwa nimegeuza mpangilio: namba ya ombi la Habiba iliingia mahali pa namba ya kadi, na mwenye kadi hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Kompyuta haikunung'unika. Ingenung'unikaje, na mdomo niliuziba mimi?

Adeer Dubow, karani wetu mzee tuliyemwita ami, hakunifokea. Kesho yake asubuhi alinipeleka kwenye zizi la mbuzi nyuma ya nyumba yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mbuzi wakubwa wanapita kwenda malishoni, vitoto vinavyojipenyeza anavirudisha kwa mguu.

"Kila siku anasimama hafo," Adeer alisema, p ikigeuka f au b katika ulimi wake wa Kisomali. "Anachoka?"

"Anachoka."

"Akiacha?"

"Watanyonya maziwa yote huko nje."

"Haya. Borini nani atashika hawa? Yeye nashika hafa, kwa mlango. Wewe mwenyewe uliniambia ile mashine ilikuwa nakataa, ukafunga mdomo yake."

Nilikaa juma zima nikiipa kila namba aina yake, na mashine ikakataa mstari baada ya mstari. Ule wa Habiba ulikuwemo, pamoja na mingine ambayo ilikuwa haijamuumiza mtu bado. Kisha nikaenda kuomba radhi.

Nilimkuta yule mgeni ndani kwa Habiba, amevaa lile gauni jipya, anamimina chai.

"Yeye alikuja kutafuta dada, na mimi natafuta dada," Eedo Habiba alisema. "Nirudishe yeye wafi?" Akanivuta nikae, akaniita dada kwa Kisomali. "Abaayo, sasa mashine yako ikisema hafana, niamini?"

"Iamini, Eedo."

Aliendelea kuja kila wiki. Namwambia bado, anashukuru, anaenda. Mpaka naondoka Ifo, Sahra tulikuwa hatujampata.

Sasa nisikilize. Ukaguzi wa aina hautamtafutia mtu dada aliyepotea. Utakuzuia tu kumpa dada wa mtu mwingine, na hilo si dogo. Unapojenga maktaba, watakaoitumia huwajui, na watakaoumia kwa kosa lako hutawajua hata kidogo. Vitu viwili vikiwa tofauti duniani, viache viwe tofauti ndani ya programu, hata kama vyote vinaandikwa kwa tarakimu. Ikikukatalia, kubali kukataliwa, uangalie tena. Mimi nilikataa kukataliwa mezani, Habiba akayapokea matokeo yake mbele ya gari, na maziwa mkononi.

Nakupenda, na kununa kwako nakupenda vilevile. Mungu akupe subira mezani pako, aulinde mkono wako usiwe na haraka, na kila atakayeshuka garini kwa sababu ya kazi yako, awe ndiye anayesubiriwa.