Wapimaji Walipofika Busi

Sijawahi kupenda kuhimizwa. Hata dukani, muuzaji akinisukuma nichague upesi, naondoka bila kununua. Kwa hiyo bosi wetu aliponiambia kwamba Jumatatu anataka jibu, niende kusomea upimaji au uthamini, nilimchukia kutwa nzima.

Zilikuwa zama za ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kununua mazao vijijini, na ruksa pia kupunguza watu kazini. Pale ofisi yetu ya ardhi Dodoma majina ya waliopunguzwa yalikuwa yamebandikwa mlangoni, na tulijua kwamba wasaidizi wasio na fani ndio watakaofuata. Mimi nilikuwa msaidizi asiye na fani. Chuo kilikuwa tayari kunichukua, nafasi moja, fani moja. Nikikosea hapo nimejikosea mwenyewe maisha yote.

Nilichokitaka nilikijua. Nilitaka upimaji. Nilipenda kusimama nyuma ya theodolaiti, ambayo sisi tuliiita mashine tu, nikaona mti wa mbali umesogea mpaka puani. Nilipenda kufukia bikoni, lile jiwe la mpaka, nikijua watu watagombana weee na lenyewe litabaki palepale. Uthamini niliuona kazi ya wenye viatu safi: unaingia nyumba ya mtu, unagonga ukuta, unatazama dari, unaandika bei, unaondoka.

Mama yangu, niliyekuwa nikiishi naye Kikuyu, mtaa wa pale pale Dodoma, alivitaka hivyo hivyo viatu safi.

"Mabenki yanakuja," aliniambia. "Na benki haimkopeshi mtu mpaka nyumba yake ithaminiwe. Utakaa kwenye kiti kama watu. Porini utaokota nini zaidi ya nyoka?"

"Porini kuna kazi, mama."

"Kuna na wanaume," akasema, akaendelea kuchambua mlenda. Kwake yeye mjadala ulikuwa umefungwa.

Bosi naye, mpima wa miaka mingi, ndiye aliyetakiwa kunipendekeza, na hakuficha mashaka yake. "Mwanamke porini hadumu," alisema bila kunitazama. "Alhamisi tunakwenda Busi. Nitakuona huko."

Basi tukaenda, yeye, mimi na dereva. Tulipita Kolo, wanakosimama wazungu kwenda kutazama michoro ya mapangoni, sisi hatukusimama. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, kupima mpaka wa kijiji upande wa bonde, ambako kulikuwa na maneno kwamba tajiri mmoja anataka kulima alizeti. Mwenyekiti wa kijiji aliyeahidi kutupokea hakuonekana. Tulikuta watu wengi wameketi nje ya ofisi yake. Tukawaamkia wazee, wakatuitikia vizuri. Kisha bosi akasema, kwa sauti yake ya mkutanoni, "Sisi ni wapimaji."

Mwanamume mmoja akainuka, akazunguka nyuma ya Landrova, akafungua mlango na kuchungulia ndani.

"Mizani mmeificha wapi?" akauliza.

Hapo nikaelewa. Msimu uliopita walikuja wanunuzi wa mazao, watu wa soko huria, na mizani zilizochezewa. Gunia la mtu lilipanda zito likashuka jepesi. Nao waliitwa hivyo hivyo, wapimaji. Tulikuwa tumeingia kijijini na shati la mwizi mgongoni, wenyewe hatujui.

Nikadhani dawa ninayo. Mdomo wangu haujawahi kunisubiri. "Jamani, sisi hatupimi mazao," nikasema. "Tunapima ardhi."

Laiti ningenyamaza. Yule mwanamume akawageukia wenzake, akasema polepole, "Mmesikia wenyewe. Mwaka jana walipima mazao. Mwaka huu wanapima ardhi."

Wakaburuta gogo wakaliweka nyuma ya gari. Mwingine akaichukua miguu mitatu ya mashine, akaiweka begani na kwenda kusimama nayo mbali. Hakuna aliyetutukana, na ningependelea watutukane. Fimbo zilikuwa nyingi, na zilizidi kuongezeka. Nilijiona nimesimama katikati yao na suruali ambayo mama alinikataza kuivaa. Bosi akaninong'oneza, "Usikimbie." Nikimbilie wapi, na wenye fimbo wako kila upande?

Ndipo akaja bibi mmoja na jembe lake begani, amekasirika kwa sababu amechelewa kuambiwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata, Kirangi kikiingia humo humo, lakini alichokitaka kilieleweka. Anayeziogopa fimbo za watu hao aziogope, yeye anataka shamba lake lipimwe, sasa hivi, watu wote wakiona. Wakabishana naye, akawashinda. Miguu ya mashine ikarudishwa.

Shamba lake lilikuwa ukingoni mwa bonde, majani matupu. "Simama wewe," bosi akaniambia, akachukua kalamu. Nikasimama nyuma ya mashine, wenye fimbo wametuzunguka, jasho likinidondoka. Nilimsomea pembe moja baada ya nyingine, yeye anaandika. Sauti ilinitoka kavu lakini haikutetemeka. Nilikuwa na hofu na nilikuwa na raha, vyote kwa pamoja.

Tulipomaliza bibi akauliza, "Haya. Sasa lina thamani gani?"

"Mama, sisi tunapima mipaka," bosi akamjibu. "Thamani ni kazi ya wathamini."

"Wako wapi?"

"Mjini."

"Wakija watasema nini? Huyo tajiri akilitaka, mimi napewa nini?"

Bosi hakuwa mwongo, sifa hiyo nampa. Akamweleza sheria ilivyokuwa wakati ule: kwenye fidia kinachohesabiwa ni nyumba, ni miti, ni mazao yaliyosimama. Shamba tupu halihesabiwi.

"Si tupu," bibi akasema. "Nimelipumzisha."

Udongo ulikuwa umechoka, akatueleza, akauacha upumue, misimu kadhaa analima vijishamba vya kuazima na kulala nusu tumbo, na mvua zinazokuja ndizo alizokuwa akizingoja apande. Kisha akanigeukia mimi, labda kwa kuwa ni mwanamke mwenzake. "Mwanangu, kulipumzisha si kazi?"

Pembe zote za shamba lake nilikuwa nazo. Kwa swali hilo niliinama, nikajifanya nafungua skrubu za mashine.

Alinitazama, kisha akawaambia wenzake jambo kwa Kirangi. Wakacheka, gogo likaondolewa. Nilimuuliza mwanamume aliyeliondoa, bibi amesema nini.

"Amesema tuwaache mwende," akanijibu. "Hamjui bei ya kitu chochote."

Njiani bosi na dereva walicheka sana, kicheko cha watu walionusurika. Mimi niliona aibu, na nyuma ya aibu hasira. Nilitaka kufukia mawe ya mipaka, sawa. Ningefukia lile la bibi, limenyooka barabara, halafu angekuja mwenye viatu safi akaandika kwamba ndani ya mawe yale hamna kitu. Sheria nisingeibadilisha, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini nilitaka mtu wa kuulizwa lile swali awe mimi, na mezani pa kuandikia bei pawe na mdomo kama wangu. Jumamosi na Jumapili sikulala sawasawa. Mama alidhani ni malaria.

Jumatatu bosi aliniagizia chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimeshamwambia mkuu wa idara," akasema. "Upimaji. Nimemwambia binti huyu alisoma pembe amezungukwa na fimbo na hakukosea hata moja. Sijawahi kumpendekeza mwanamke, wewe ndiye wa kwanza. Nenda kasome, urudi ushike nafasi yangu."

Nilitaka kulia. Mtu niliyetamani anikubali alikuwa amenikubali, na chai ilikuwa bado ya moto.

"Mzee," nikasema, "naomba iwe uthamini."

Akaweka kikombe chini. "Kumbe uliogopa."

"Niliogopa, lakini sio hilo. Yule bibi—"

Akainua mkono. "Usijieleze, binti. Kuogopa si dhambi."

Niliondoka kwenda chuoni, nikasoma uthamini, na kazi hiyo ndiyo iliyonizeesha. Bosi alibaki pale ofisini miaka mingi baada yangu. Kila msichana aliyekwenda kumwomba ampendekeze upimaji, alimketisha, akamsimulia habari zangu za Busi, akamkatalia.