Swali la Mukamusoni

Katika mkahawa wa Donat, kando ya ziwa pale Gisenyi, mgeni angeweza kudhani Mukamusoni ndiye mwenye mali. Yeye ndiye aliyeamua samaki gani wapokelewe na gani warudishwe walikotoka, na yeye ndiye aliyemwambia Donat mbele ya watu kwamba mafuta yake yamechoka, yamwagwe. Alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, wakawa wakavu wa kuvunjika mdomoni. Wateja waliovuka kutoka Goma kupitia kituo cha mpakani cha Grande Barrière walikuwa wakichungulia jikoni kwanza. Wakimwona yupo, wanakaa.

Alizaliwa Masisi, upande wa Congo, akaletwa Rwanda mgongoni mwa mama yake wakati watu walipokuwa wakirudi kutoka ukimbizini. Akakulia Rugerero, akaolewa na dereva wa malori. Dereva huyo alikufa mapema, na ni wakati wa ugonjwa wake ndipo Mukamusoni alipopimwa akaambiwa kwamba naye ana virusi vya ukimwi. Mtoto hawakujaliwa. Tangu hapo alimeza vidonge vyake kila jioni bila kukosa, na alivifuata kwenye kituo cha afya cha mbali, kwa sababu kwenye kile cha karibu mapokezini palikaa mwanamke waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Hakuna aliyejua. Hata Belise, msichana aliyehudumia mezani na kumwita dada, aliyeonja kila sufuria yake na kulia kila jambo lake begani kwake, hakujua.

Kisha akaja Védaste.

Védaste alikuwa mkulima wa viazi kutoka Mudende, mjane wa miaka mingi, mtu mzito wa maneno. Watu walimwita Papa Régis kwa jina la mwanawe mkubwa. Alishusha viazi vya chipsi pale mkahawani kila wiki, na kwa muda mrefu mazungumzo yao yalikuwa ya viazi tu: hivi vina maji, vile vimepigwa na jua. Siku moja akabaki baada ya kushusha, akala, akasema chakula kile kimemkumbusha kwamba nyumbani kwake watu wanashiba lakini hawali. Mukamusoni alicheka hadi akafuta macho kwa aproni. Baada ya miezi kadhaa Védaste alimuuliza kama angekubali kupelekewa wazee. Hawakuwa wamelala pamoja. Védaste mwenyewe ndiye aliyetaka mambo yaende kwa mpangilio.

Mukamusoni alimwambia ampe muda. Lililomfunga ulimi alilijua yeye.

Wakati huo mjini kila mtu alikuwa na programu ya afya kwenye simu. Waliiita dokta wa simu. Mwenye moto, ile pikipiki ya abiria, aliipigia picha vipele vya mtoto wake, wauza nguo waliiuliza kuhusu mgongo, na Donat mwenyewe aliipa vipimo vyake vya presha kila asubuhi kama anayesali. Belise ndiye aliyemwekea Mukamusoni ile programu, kwa ajili ya kichwa kilichokuwa kikimuuma. Iliuliza jina, mwaka wa kuzaliwa, wilaya na namba ya simu. Mukamusoni aliandika vyote, na wilaya yake ya Rubavu, kama anavyoandikwa mtu popote anapokwenda kutibiwa.

Kichwa kilipopona, aliendelea kuifungua. Ilikuwa ikijibu kwa Kiswahili, taratibu, bila kukunja uso. Mchana mmoja wateja walipopungua, alikaa kwenye kreti ya bia nyuma ya jiko, akaandika swali ambalo hakuwahi kumuuliza muuguzi, wala mchungaji, wala mama yake mpaka alipomzika: mwanamke mwenye virusi anaweza kumzalia mume mpya bila kumwambukiza yeye wala mtoto?

Jibu lilikuja refu na la upole. Kama anameza dawa bila kuruka, na vipimo vinaonyesha virusi vimepungua hata havionekani, hatamwambukiza mume. Mtoto naye anaweza kuzaliwa salama, mradi mama afuatiliwe na madaktari tangu mwanzo. Amwone muuguzi wake wazungumze. Mukamusoni alisoma, akarudia, akasoma tena. Safari iliyofuata ya dawa alijikaza akamuuliza muuguzi, na muuguzi akamwambia vilevile. Vipimo vyake vilikuwa vizuri kwa miaka.

Siku hiyo alirudi kwa miguu njia nzima, hakutaka kupanda moto. Alikuwa amepanga: Jumapili atapanda Mudende, amketishe Védaste, amwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, adhuhuri, jiko liliwaka pande zote. Mukamusoni alikuwa na unga na matumbo ya samaki hadi viwikoni. Védaste alikuwa mlangoni akiingiza magunia. Simu ikaita kwenye rafu, na Belise akaichukua.

"Dada, hii namba siijui."

"Fungua sauti, uweke hapo karibu na chumvi. Labda ni mutu wa samaki."

Ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili safi kama cha redioni. "Habari za mchana, mama. Naongea na mama Mukamusoni wa Rubavu?"

"Ndiye mimi. Sema haraka, niko na mafuta kwa moto."

"Pole kwa hali yako, mama. Tunafahamu unaishi na virusi vya ukimwi na unatafuta mtoto. Tuna matone ya mitishamba ambayo—"

"We ni nani?"

"Uliuliza, mama, kama mwanamke mwenye virusi anaweza kumzalia mume mpya bila kumwambukiza. Hujachelewa. Matone yetu yamesaidia akina mama wengi wa—"

Belise alikuwa akiigonga ile simu kwa vidole, nayo haizimiki. Mwishowe akaigeuza kifudifudi kwenye chumvi na sauti ikaendelea kusema huko chini, kwa upole, mpaka ikachoka. Sambaza zilikuwa zinaungua. Hakuna aliyezigusa. Mwosha vyombo alitazama mikono ya Mukamusoni ndani ya bakuli la samaki, kisha akatazama pembeni.

Védaste alikuwa na gunia begani. Alilitua, akalisimamisha vizuri ukutani lisianguke, akajipangusa vumbi, akatoka. Gari lake lilichelewa kuwaka. Lilipowaka, likaondoka na magunia yaliyobaki.

Jioni hiyohiyo Donat alimwita kwenye meza ya pembeni. Alimwagizia soda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bon, Mukamusoni. Mi najua ile ugonjwa haipite ku chakula. Mi nilisoma."

"Sasa, patron?"

"Bateja hawakusoma."

"Miaka yote hii nimewapikia. Iko mutu alikufa?"

Donat alizungusha chupa mezani. "Leo watu wawili walirudisha sahani. Hata mishikaki ya brosheti, na brosheti haukugusa wewe. Unataka nifanye nini? Nifunge?"

Mukamusoni alisimama. Alikwenda kuvua aproni, akaikunja, na kwa mazoea akaonja supu ya kesho kabla ya kuzima moto. Mwosha vyombo alisubiri mpaka amegeuka, akakitupa kile kijiko alichoonjea kwenye ndoo ya taka.

Jumapili alipanda Mudende kama alivyopanga. Védaste hakuwa amepokea simu zake. Alimkuta kwenye ua wa ng'ombe, akirekebisha mti wa lango, na hakumkaribisha ndani.

"Nilikuwa nakuja kukuambia," Mukamusoni alisema. "Ilikuwa leo, Papa Régis. Mungu ananiona, ilikuwa leo."

"Leo."

"Sikukuweka kwa hatari. Unajua hatukuwahi. Na hata tungekuwa pamoja, dawa zinazuia. Uliza muuguzi yeyote."

"Sina shida na ugonjwa." Aligonga msumari, ukapinda, akaung'oa. "Dada yangu mudogo iko nayo, ana watoto watatu wazima. Ungeniambia, ningekuuliza tu kama unameza dawa." Akatafuta msumari mwingine. "We ulijua. Simu ilijua. Yule muuza dawa alijua. Mi niliambiwa wa mwisho, na gunia kwa bega, mbele ya mwosha vyombo."

"Nilikuwa naogopa."

"Simu haukuogopa."

Védaste alimtafutia moto ya kumrudisha mjini, akamwambia dereva aende polepole kwa sababu barabara ina mashimo. Huo ndio wema wake wa mwisho kwake.

Aliandikia programu ile, akauliza nani amempa mtu wa matone swali lake. Ikamshukuru kwa maoni yake, ikasema siri za watumiaji ni jambo inalolithamini sana, ikauliza kama kuna lingine ingeweza kumsaidia. Akaandika tena, ikamshukuru tena. Alikwenda mpaka kituo cha polisi. Benchi lilijaa watu. Askari kijana alimuuliza kwa heshima, "Mama, tatizo lako ni nini?" na kila aliyekaa pale akanyanyua uso kusikiliza. Mukamusoni alisema amepotewa na simu. Akiwa bado anaulizwa ilikuwa ya aina gani, aliomba radhi akatoka.

Aliifuta programu. Muuza matone aliendelea kumpigia, kisha wengine, kila mmoja na dawa yake, kila mmoja akimjua kwa jina. Akatupa namba ile.

Pengine angepona na hayo, watu hupona. Lakini siku ya kufuata vidonge ilipofika, alisimama kwenye foleni ya kituo chake cha mbali, akamtazama muuguzi anavyouliza majina na kuyachapa kwenye kompyuta. Jina, mwaka wa kuzaliwa, wilaya, namba ya simu. Muuguzi yule alikuwa mwema kwake miaka yote, na kompyuta ile ilikuwa hapo miaka yote. Mukamusoni aliiacha foleni kama aliyesahau kitu nyumbani, na hakurudi, si wiki ile wala mwezi ule.

Mwanzoni hakuona tofauti. Alifua nguo za watu huko Rugerero ambako habari ilikuwa haijafika. Ilipofika, akafua chache. Mvua za masika zilimkuta na kikohozi. Alipungua hadi kitenge kikamzunguka mara mbili. Belise, ambaye alikuwa amekwepa kumtazama machoni tangu siku ile, alimkuta amelala sakafuni mchana kweupe, mdomo umekauka. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

"Mi ndiye nilikuwekea ile kitu," Belise alilia wakiwa hospitalini. "Mi ndiye nilifungua sauti."

"Mi ndiye nilikuambia ufungue," Mukamusoni alisema. "Nyamaza, mutoto wangu. Wagonjwa wanalala."

Ilikuwa kifua kikuu. Daktari alimweleza pia kwamba virusi vimeizoea dawa yake ya zamani, hivyo ataanza nyingine, nzito zaidi, na itachukua muda mpaka vipimo virudi kuwa vizuri. Mukamusoni aliuliza kuhusu mtoto. Daktari alitazama umri wake kwenye faili, akasema kwanza apone. Mukamusoni alielewa.

Alipona, kwa kiasi. Hakurudi kwenye majiko. Sasa anauza makaa kando ya barabara ya Rugerero, kwa sababu makaa hayaliwi. Védaste ameoa mwalimu wa hukohuko Mudende. Gari lake hupita na viazi, na humpungia mkono, naye humpungia.

Dawa anaifuata kwenye kituo cha karibu, palepale kwa mwanamke wa kwaya, maana hakuna tena cha kumficha. Asubuhi moja alikaa benchi na msichana mwembamba aliyekuwa amekuja mara ya kwanza, kitambaa kimeshushwa hadi kwenye nyusi. Msichana alimsogelea akanong'ona.

"Mama, samahani. Iko dokta mumoja wa simu. Ananijibu vizuri kuliko watu. Ni wa kuamini?"

Mukamusoni alitaka kusema hapana, akajizuia, kwa sababu yale aliyoambiwa siku ile kwenye kreti ya bia yote yalikuwa kweli.

"Anasema kweli," alisema mwishowe. "Lakini jina lako usimupe. Wala namba."

Msichana alitazama simu yake, kisha akamtazama yeye.

"Nilishamupa, mama."

Muuguzi alitokea mlangoni akaita. Ilikuwa zamu ya msichana.