Nilitoboa Fimbo ya Neema

Ni mimi niliharibu. Imenishinda kuimeza, na kila nikiiwaza najitapikia.

Mi ni muntu nilijijenga mwenyewe. Masomo niliachia darasa la tatu. Nilianza na gunia moja ya chumvi kule Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, leo niko na pikipiki tano na nyumba ya matofali hapa Baraka. Bantu bananisalimia wakiwa bado mbali. Ndiyo maana niliamini hakuna kitu kizuri kinaweza kutoka kwetu bila mukono wangu.

Neema, binti ya dada yangu, alikuwa anacheza hoki, ule mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ya kupinda. Muhindi mwenye duka jirani na langu ndiye aliwafundisha mabinti. Kwao India alikuwa beki, na alimupa Neema fimbo yake ya ujana. Neema naye akawa beki. Jamani, hakuna mpira ulipita pale!

Tukasikia kocha anakuja kutoka Bujumbura kuchagua binti mumoja wa kuchezea timu yake kule. Wote walisema ni Neema. Mi nikawaza: watasifu Muhindi, na mi nitasemwa wapi?

Nikavuka ziwa kwa mtumbwi hadi Ubwari, kwa mganga, nitafute dawa ya kumushindisha Neema, ili ushindi wake utoke mukono wangu. Akanipa unga mweusi na nywele, sijui za nini, ndani ya mafuta yenye kunuka. Neema akiwa kanisani, nikatoboa fimbo kwa musumari wa moto, nikajaza ule uchafu, nikaziba na nta.

Siku kocha alipokuja, pigo la pili tu la Neema, fimbo ikavunjika palepale nilipotoboa. Uchafu ukamwagika kwenye nyasi, mbele ya kocha. Mabinti wakarudi nyuma. Mumoja akasema, "Kumbe ndiyo maana tulikuwa tunashindwa kumupita."

Kocha akafunga daftari. Muhindi akaokota vipande, akaenda bila kumuangalia Neema.

Na mimi? Nilikuwa kiti cha mbele, ndani ya suti. Nikatikisa kichwa kama wengine. Mbwa!

Sasa kila mchezo alioshinda kwa jasho, banasema ilikuwa dawa. Neema hachezi tena, anaanika ndagala, wale dagaa wa ziwa, kule kijijini Swima. Nilipopita juzi akaniuliza, "Mujomba, na weye unaamini nilitia ile kitu?"

"Hapana. Mi najua si wewe."

Akanishika mukono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Akanishukuru! Nimeuosha ule mukono, bado unanuka.

Wewe mwenye mali, mutoto wenu akiweza bila wewe, kaa chini, upige makofi. Na kama umeisha kuharibu, simama siku ileile, palepale kwenye nyasi, useme jina lako. Mi, ona, hata leo langu nimelificha.