Pua Mbichi

Leo nimeanika godoro lililonyeshewa, na harufu yake imenirudisha Nyasho, kwenye nyumba ya magurudumu iliyokuwa inauzwa. Mama alikuwaga anazunguka minadani na vitenge vyake, mwezi mzima hajarudi, akilala juu ya marobota. Alitaka pa kulala pakavu, basi.

Baba alizoea kununua ng'ombe. Aliizunguka nyumba ile pole pole, akaipiga ubavuni, akasema, "Ivuteni itembee." Muuzaji akaifunga nyuma ya gari, akaivuta hatua chache.

"Inachechemea mguu wa kushoto," Baba akasema.

"Baba watoto, na meno je, hujamwangalia?" Mama alimtania. Lakini niseme haki: beringi ya gurudumu la kushoto kweli ilikuwa imekufa, na muuzaji akakubali kuibadilisha.

Mama yeye alinituma ndani nilale kitandani, akapanda ngazi na ndoo ya maji, akaimwaga yote juu ya paa. Tone moja likaniangukia puani. Au yalikuwa mawili, sikumbuki vizuri.

"Panavuja?" akauliza kutoka juu.

Nilikuwa nimeshakipenda kile kidirisha chenye pazia la maua. "Pakavu, Mama!"

Nilipotoka, Baba alinishika kidevu, akanitazama. "Pua mbichi," akacheka. "Ndama mzima huyu, hana ugonjwa. Tununue."

Tukainunua. Kila Mama aliporudi kutoka mnadani Bunda au Mugango, alikuwa anaanika godoro lililolowa uani, na hakuniuliza kitu hata siku moja.