Mwana Hiti Kwenye Ukumbi wa Maonyesho

Kutoka kwetu, siku ile ya maonyesho tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayechonga, mdogo wangu wa kike anayefundisha chekechea Tangini, mama mkubwa aliyetoka Kisarawe, na mwana hiti. Mama mkubwa akihesabu watu humhesabu na huyo, ndiyo maana na mimi nimemweka. Ni mtoto wa mti, hana mikono wala miguu, nywele zake zimechongwa pande mbili za kichwa, na ana shanga kiunoni. Kwa wazee wetu wa Kisarawe, binti akivunja ungo huwekwa ndani na kupewa mwana hiti amlee. Humwogesha, humpaka mafuta, hulala naye, mpaka siku ya kuchezewa ngoma na kutolewa nje. Huyu wa kwetu alilelewa na bibi, kisha mama mkubwa, kisha marehemu mama yetu, na mwisho mdogo wangu wa kike.

Maonyesho yalikuwa ya wasanii wa mkoa, katika ukumbi mdogo hapa Kibaha. Wachongaji vijana walipewa sharti moja: kila mmoja aweke mezani kazi zake pamoja na kazi ya zamani kutoka kwao. Asiyekuwa nayo hapewi meza. Mdogo wangu alikuwa hajawahi kuonyesha kazi popote zaidi ya kwenye genge langu pale Kwa Mathias, ambako vinyago vyake vilisimama katikati ya nyanya na watu waliuliza nyanya tu. Nilimlea tangu anabebwa. Niliacha shule ili wao wawili wasome, na yeye alipomaliza akaniambia anataka kuchonga. Nikameza mate, nikamwambia achonge. Sasa nilitaka sana watu wamwone.

Mama mkubwa alimleta mwana hiti siku chache kabla, amembeba mgongoni kwa kanga, akasema atarudi siku ya ufunguzi. Mdogo wangu alipomfungua alimkuta ameganda mafuta na vumbi, alama za kisu hazionekani. Jicho la mchongaji likamshinda. Alimsugua kwa sabuni ya mche na mswaki, akamwanika. Mti ukatoka umepauka kama magoti ya mtoto aliyekimbilia shule bila kujipaka kitu.

"Dada, ona sasa kazi ya kisu," aliniambia, na alikuwa na furaha mno.

Siku ya ufunguzi mama mkubwa aliingia, tukamwamkia, hakuitikia. Alikuwa ameshaiona meza.

"Nani kamwogesha?"

"Mimi, mama mkubwa," mdogo wangu akasema. "Alikuwa na vumbi."

"Na mafuta yake?"

Mdogo wangu akamtazama mwana hiti alivyopauka.

"Kwa hiyo mtoto kaogeshwa, kaachwa mkavu, kasimamishwa mbele ya wageni." Akamnyanyua, akaanza kumfunga kwenye kanga.

Msimamizi wa ukumbi alifika haraka. "Shikamoo mama. Vitu vya mezani haviguswi."

"Marahaba, baba. Huyu si kitu. Na tunaondoka."

Msimamizi akanivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba kama yule wa mti anaondoka, basi na meza itabidi iondolewe. Mdogo wangu alisikia. Akaanza kukusanya vinyago vyake kimoja kimoja, bila kumwangalia mtu. Sikuweza kulitazama jambo lile.

"Mama mkubwa, usimwondoe," nikasema. "Tuambie la kufanya."

"Huyu hana la kufanya. Mwanamume hampaki." Akamtazama mdogo wangu wa kike. "Na wewe zamu yako ilishapita, nilikucheza mwenyewe." Kisha macho yake yakatua kwangu.

Mimi nilivunja ungo mwaka uleule tuliozika wazazi. Kama ningewekwa ndani, nani angepika?

"Vua viatu," mama mkubwa akaniambia. "Kaa chini."

Nikakaa sakafuni, miguu nimeinyoosha, katikati ya ukumbi uliojaa watu. Akatoa mkobani chupa ya mafuta ya nyonyo anayojipaka magoti, akamlaza mwana hiti mapajani mwangu.

"Anza kichwani. Polepole, hukandi unga."

"Mwali wetu ana mvi," mdogo wangu wa kike akasema, anajizuia kucheka.

"Nyamaza, mwalimu."

Watu walitusogelea. Msimamizi naye alisogea, sharti lake la kutogusa amelisahau. Mti ulikuwa na kiu. Kila nilipopitisha kidole uliyanywa mafuta ukawa mweusi, na ndani ya weusi ule alama za kisu zikajitokeza kuliko zilipokuwa kavu. Mdogo wangu akachuchumaa mbele yangu, kinyago mkononi.

"Kumbe," akasema, akakigeuza kinyago chake.

Mama mkubwa akamfunga shanga vizuri, akatandika upande wa kanga mezani, akamrudisha. Vinyago navyo vikarudi. Mpaka jioni meza ile haikukosa watu, na mdogo wangu alieleza kazi zake mpaka sauti ikamkauka.

Tulipokuwa tunafunga, mama mkubwa akaniambia, "Umeshampaka. Wewe ni mwali sasa, na mwali hakai ndani milele."

"Mama mkubwa, mimi umri wangu ni wa kuitwa bibi."

"Sijakuuliza umri." Akawageukia wadogo zangu. "Dada yenu hakuchezwa kwa sababu alikuwa anawalea ninyi. Ngoma yake mnadaiwa ninyi."

Mwalimu aliacha kucheka.

"Tutalipa," mdogo wangu wa kiume akasema.

Mwana hiti alirudi Kisarawe mgongoni. Kila Ijumaa baada ya swala mama mkubwa hupiga simu kuwauliza kama wapiga ngoma wameshatafutwa. Mmoja husema wangoje shule zifungwe, mwingine husema wangoje mvua ziishe, na wakikutana kwangu hubishana wakidhani sisikii. Mimi nipo kimya. Deni si langu, ila nimeanza kulisubiri.