Nauli ya Maua ya Plastiki

Nimechoka na sufuria. Nasema hivi nikiwa nimekaa katikati yake, maana ndiyo kazi yangu: natunza stoo ya duka la vyombo Ngamiani, na kutwa nzima sioni kingine. Nimechoka zaidi na ile programu ya kompyuta aliyoinunua tajiri wangu ili, kwa maneno yake, ajue kila sufuria imemgharimu nini mpaka ikafika kwenye rafu.

Tajiri wangu ni mzee wa Kihindi, Mwislamu, mpole wa sauti na mgumu wa mfuko. Duka alilirithi kwa baba yake. Sufuria hutoka ng'ambo kwa kontena, na watu hudhani ukishamlipa mwenye kiwanda umemaliza. Wapi! Kuna nauli ya meli, ushuru, tozo za bandari, wakala wa forodha, lori, na wapagazi ambao hawashushi kitu mpaka wanywe chai. Yote hayo uyagawe, uyapandishe juu ya bei ya kila sufuria, la sivyo utauza unacheka huku unafilisika.

Sasa, kontena ni kubwa na mzee peke yake hawezi kulijaza. Kwa hiyo alikuwa akichangia na jirani yetu wa fremu ya pili, mama wa makamo, Mlutheri, mtoto wa mkata mkonge. Mama huyu aliuza maua ya plastiki: ya kumbi za harusi, ya madhabahuni, ya meza za sebuleni, na mashada ya msiba pia. Utaratibu wao ulikuwa wa tangu enzi za marehemu baba yake mzee, alipokuwa akileta vitambaa na majirani zake: kila mtu hulipia gharama za njiani kwa kadiri ya mtaji wake. Mwenye mali ya fedha nyingi hutoa zaidi, mwenye ya fedha kidogo hutoa kidogo. Kwa vitambaa ilikuwa sawa, maana robota la huyu na la yule ni mamoja. Kwa sufuria na maua, lo!

Siku ya kwanza programu iliuliza: gharama za njiani zigawanywe kwa thamani, kwa uzito, au kwa nafasi? Mzee akasema kwa thamani, kama siku zote. Nikaingiza. Sufuria zikatoka ghali ajabu, kuliko bei ambayo mzee alikuwa akiikisia tu zamani. Wateja walikuja kutoka Makorora, wakazigonga kwa kidole, wakauliza bei, wakasema, "Tutarudi." Nani hajui maana yake? Wakati huohuo kwa jirani baiskeli zilikuwa zinafungwa maboksi ya maua mpaka mwendeshaji haonekani, na kamati za harusi zinapigana vikumbo mlangoni.

Mzee alinuna. Alasiri moja akasogeza kiti karibu na kompyuta. "Binti, hebu jaribu hilo la nafasi."

Nikajaribu. Ua la plastiki halina uzito wala thamani, lakini haliwekwi juu yake kitu likapona. Zaidi ya nusu ya kontena ilikuwa maua, na meli haikulipishi uzuri wa mali yako, inakulipisha nafasi. Nilipobonyeza, sufuria zikashuka bei, maua yakapanda mpaka nikaona haya kuyatazama.

"Yarabi," akasema mzee. "Kumbe miaka yote hii namlipia mwenzangu nauli!"

Halafu akanituma mimi nikamwambie. Yeye anaona aibu, kwani mimi sina uso? Nikaenda nimekasirika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa mkusanya kodi?"

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Aliuliza tu shada moja sasa litamsimamia bei gani, nikamtajia. Akaketi juu ya boksi.

"Kwa bei hiyo nimuuzie nani, maharusi wa matajiri wa Raskazone? Mwanangu, duka hili ndilo linalosomesha wajukuu zangu, na wazazi wao hawapo. Nikitoka kwenye kontena lenu, nimetoka dukani."

"Nenda ukaongee na mzee, mama. Bishana naye."

Akaenda kweli. Nilikuwa kaunta, nikasikia yote. Mzee akaagiza chai na visheti. Wakaulizana habari za nyumbani, za miguu, za sukari ya damu. Mzee akasema, "Hesabu ndiyo hiyo, dada yangu." Mama akasema, "Nimekuelewa, kaka." Wakashukuriana. Jamani! Hawa ni watu wanaoweza kubishania kijiko kimoja na mteja mpaka jua lizame, lakini jirani kwa jirani, kubisha bei ni kukosa adabu. Nilitamani watukanane. Waliagana kwa kushikana mikono, na mama akauza bidhaa zilizobaki, akafunga fremu. Sasa pale kuna duka la vocha.

Kontena lililofuata mzee aliagiza peke yake. Alikuwa ametafuta mtu wa kuchangia naye, lakini kila mfanyabiashara alishakuwa na wenzake. Mzigo ulipofika nikaingiza nauli, ushuru, tozo, wakala, lori. Kontena lilikuwa na ukubwa uleule na nauli ileile, mali ndani imefika katikati tu, na hakuna kingine cha kubebeshwa gharama ila sufuria. Bei ikatoka juu kuliko ile ya mwanzo iliyotufukuzia wateja.

"Umekosea," akasema mzee.

"Sijakosea, mzee."

"Rudia."

Nikarudia. Ikatoka ileile. Kile kidogo alichokuwa akitoa yule mama kilikuwa kinalipia nafasi ambayo bila maua yake ni hewa tupu, hewa ambayo sasa tunailipia wenyewe. Mzee alivua miwani. Mimi nilisikia hasira, na sikujua nimkasirikie nani, maana hesabu zote mbili zilikuwa sahihi.

"Nenda kamwite," akasema. "Mwambie arudi kwa utaratibu wa zamani."

Nilimkuta nyumbani kwake Makorora, kibarazani, anachambua mchele. Nikampa salamu za mzee na ujumbe wake. Aliendelea kuchambua.

"Amenionea huruma?"

"Hapana, mama. Bila wewe kontena haliji na faida. Tunakuhitaji."

Mkono ukasimama juu ya ungo. Nilidhani atafurahi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufurahi njiani, mpumbavu mimi.

"Mtaji sina tena," akasema. "Nimelipa ada yote ya wajukuu kwa mkupuo, maana nilijua sitapata fedha nyingine."

Nikasema mzee huenda akamkopesha. Akatikisa kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Siku ile na ile chai yenu, ningejua kwamba na mimi nawafaa, ningebisha. Wallahi ningebisha mpaka usiku. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani miaka yote nilikuwa nakula vyenu."