Utani Uliomfikisha Wodini

Walimwita Uhakika, na wala hawakuwa wakimsifu. Alikuwa binti aliyemaliza shule juzijuzi, akifanya kazi saluni kwa shangazi yake. Kila alipomwosha mteja dawa ya kulainisha nywele, moyo ulimwambia: imebaki, itamuunguza. Basi anasuuza, anasuuza tena apate uhakika, mpaka tangi la maji linakauka.

"We binti, unaniosha au unanibatiza?" mteja mmoja aliuliza, shingo imekufa ganzi kwenye sinki. Saluni nzima ikaangua kicheko. Shangazi naye alicheka, kisha akamvuta pembeni. "Acha kujiendekeza. Unanifukuzia wateja."

Kujiendekeza! Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba. Nani anajiendekeza kwa mateso? Alijua fika dawa imetoka, ila kichwa chake kilikataa ushahidi wa macho yake mwenyewe.

Kaka yake, fundi friji, aliona hapo pana mchezo. Jumamosi moja mchana alimpigia kwa namba ngeni, sauti kaikwaruza makusudi: "Wewe ndiye uliyemtengeneza mke wangu nywele? Kichwa kimeungua chote. Tuko hospitali ya mkoa."

Binti alitoka mbio na aproni yake hadi huko. Aliingia wodi hii, akatoka, akaingia ile, akitazama vichwa vya wagonjwa huku analia. Muuguzi mmoja wa makamo alimshika mkono, akamketisha kwenye benchi. Ndipo simu ikalia tena. Kaka mtu, anacheka hadi anakohoa. "Ni mimi bwana! Haya, umepata uhakika?"

Muuguzi alisikia yote, na hakucheka. Alimuuliza taratibu kwa nini anaogopa hivyo na mambo haya yalianza lini, kisha akampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili. Daktari akamwambia: shaka hii isiyokwisha ni ugonjwa, una jina, una tiba, na wanaougua ni wengi.

Ungedhani angefurahi. Wapi! Hasira zilimpanda. Kumbe siku zote zile alikuwa mgonjwa, na watu wake walikuwa watazamaji!

Jioni kaka alijitetea. "Utani tu, mdogo wangu."

"Utani huchekesha wawili. Mimi ulinisikia nikicheka wapi?" Akamgeukia shangazi. "Na wewe shangazi, ningevunjika mguu ungesema najiendekeza?"



Matibabu hayakuwa lelemama. Alitakiwa asuuze kama wenzake, afunge bomba, hofu aiache ibweke mpaka ichoke. Shangazi naye alikatazwa na daktari kumjibu kila akiuliza, "Imetoka kweli?" Siku ya kwanza binti alilikaza bomba kwa ghadhabu, kama anayemfungia mwizi mlango. Hofu ilimvuta arudie kusuuza. Lakini hakulifungua.

Kaka alikuja akasimama mlangoni, soda mkononi. "Bado tu hujanisamehe?"

"Bado," alisema, akaendelea kufagia nywele.